Kibuyu cha Padri Kijana

Harufu ndiyo iliyonianza. Nilikuwa natembea polepole na mjukuu wangu Kokugonza katika mji wa Logronyo, kaskazini mwa Hispania, mji unaoishi kwa mvinyo tangu enzi za mababu wa mababu zao, na kusema kweli nilikuwa nimechoka. Magoti yananiuma, nanung'unika moyoni kwamba nimepanda ndege mbili uzee huu kuja kutazama mawe tu. Tulipopinda kona ya uwanja nikaona wanaume wawili wamevua viatu, wamekunja suruali hadi magotini, wamesimama ndani ya pipa pana la mbao wanakanyaga zabibu huku watu wakiwapigia makofi. Na ile harufu, tamu na chachu kwa pamoja, harufu ya tunda lililopondwa kwa nyayo za mtu, ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Kokugonza akadhani naumwa, akaanza kutafuta kiti. Nikamwambia aniache nisimame. Mara ya mwisho kuinusa harufu hiyo nilikuwa kwenye kibanja cha baba yangu, shamba lake la migomba, Karagwe.

Wenzangu mliokulia kule wakati kahawa ikianikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na kazi yetu watoto ikiwa kufukuza kuku, hamtashangaa nikiwaambia kwamba mji ule nilikuwa nimeshaufika zamani sana. Niliufika bila kutoka Ihembe, kijijini kwetu. Nilitembezwa mtaa kwa mtaa nikiwa nimechuchumaa, na aliyenitembeza alikuwa padri mwenye mguu ulioteguka.

Tulimwita Padri Kijana ingawa alikuwa na mvi, kwa sababu misheni alikuwapo mwingine aliyemzidi umri. Alikuja kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi kusoma misa, akitokea upande wa Nyakakika kwa pikipiki iliyosikika kabla vumbi lake halijaonekana. Kanisa lilikuwa la miti na udongo, limepakana na kibanja chetu, kwa hiyo chai yake ilikuwa kwetu. Msimu mmoja wa kuchuma kahawa pikipiki ikamtupa mtelemkoni. Watu wakambeba kwa machela mpaka mlangoni kwetu. Mzee jirani aliyejua kuunga mifupa akaubonyezabonyeza mguu, akasema mfupa ni mzima ila kifundo kimehama, asiukanyage hadi mwezi mpya uonekane. Misheni walipotuma watu wa kumchukua, Baba aliwajibu kwamba mgonjwa habebwi mara mbili. Basi akakaa kwetu. Mama aliona haya kumlaza padri chini ya paa la nyasi, akawa anafagia ua mara tatu kwa siku, lakini Baba furaha yake haikufichika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwaka ule kweli alipona.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Alijua migomba, alijua kahawa, na rubisi yake, ile pombe yetu ya ndizi, ilisifiwa mpaka Kanoni. Siku ya kwanza alimletea Padri kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa anayopewa kila mgeni anayeheshimiwa. Padri akatafuna na maganda yake, akashukuru sana, kisha akatema yote kwenye leso alipodhani hakuna mtu. Mimi nilimwona. Sikumsema kwa mtu yeyote, naye alijua sikumsema, na urafiki wetu ulianzia hapo.

Mchana, Baba akiwa shambani na Mama ameenda kuteka maji, tulibaki wawili kulinda kahawa. Yeye kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, mimi na fimbo yangu. Siku moja, kwa uchovu wa kukaa, akaanza kupanga vitu mkekani. Alichana ukamba wa mgomba akaulaza katikati, akasema huo ni mto wa kwao, Logronyo. Kipande cha gome kikawa daraja la mawe. Akasimamisha magunzi mawili ya mahindi, yakawa minara ya kanisa, akaniambia kwamba juu ya minara hiyo korongo hujenga viota. Nikacheka, maana sikuona ni ndege gani mwenye ujasiri wa kunya juu ya nyumba ya Mungu. Kisha akapanga kahawa kavu kwa mistari na mistari ikawa mitaa. Hapa wanauza mkate. Hapa kuna ngazi za kushuka chini ya ardhi, mvinyo unalala huko. Nikamuuliza unalala kwa nini, unaumwa? Akasema hapana, unakua.

"Sasa njoo huku," akasema. "Ukivuka daraja, mkono wa kushoto, hesabu nyumba ya nne. Mlangoni kuna mkono wa chuma wa kugongea. Dirisha la juu, hapo yuko mama yangu."

Akachagua tunda moja la kahawa lililoiva, jekundu, halijakauka, akaliweka mahali pake. Nilimuuliza mama anafanya nini dirishani. Akasema anatazama daraja. Kila siku? Kila siku. Padri alikuwa ameondoka kwao kabla mimi sijazaliwa, wala ruhusa ya kurudi haikuwa mkononi mwake. Akaniomba nimlinde mama yake vizuri, kuku wasimguse. Jioni tulikusanya kahawa na mji ukaingia kwenye kikapu, asubuhi tukaupanga upya. Baada ya siku chache niliweza kuupanga peke yangu, nikiwa nimefumba macho nusu, na nawaambieni, njia ya kwa shangazi yangu sikuijua vile.

Ikaja siku ya joto. Padri alikuwa ndani anasali, nami nikasinzia na fimbo mkononi. Nilipofumbua macho, kuku mwenye vifaranga alikuwa katikati ya mji, ameshauchakura mtaa wa mkate, na mbele ya macho yangu akalidonoa lile tunda jekundu akakimbia nalo migombani. Nilimfukuza mpaka mpakani kwa jirani. Sikulipata. Nikachuma jingine, nikaliweka kwenye nyumba ya nne, nikajitia hamnazo. Padri akatoka, akautazama mji, akasema kila kitu kipo sawa. Nilikosa hamu ya kula jioni ile.

Mwezi mpya ulipoonekana, ndizi za Baba zilikuwa tayari zimeivia shimoni. Mnakumbuka inavyokuwa siku ya kukanyaga: ndizi zimemenywa zimejaa kwenye mtumbwi wa mbao, majani makavu yamewekwa juu, wanaume wanachekeana. Baba alimwalika Padri aje atazame tu. Padri akaanza kufungua kamba za viatu. Wanaume wakacheka, kisha wakanyamaza, maana aliendelea kufungua. Sisi wasichana mtumbwini hatukuruhusiwa kuingia, lakini kumwagia maji miguu ya wakanyagaji tuliruhusiwa, nami nikaitwa na kata yangu. Nilikuwa sijawahi kuona nyayo nyeupe namna ile. Nikamwagia, nikamsugua vumbi la vidoleni, naye akasema taratibu kwamba kwao, siku ya zabibu, mama yake ndiye aliyemwosha hivi, na kwamba tangu aondoke hakuna mtu aliyemwosha miguu. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha ya wengine, Alhamisi Kuu.

Akaingia. Yeye na Baba wakashikana mabega wakaanza kuponda, Baba kwa haraka za kwetu, yeye kwa hatua ndefu za kwao, wakagongana magoti mara kadhaa hadi mwendo ukawa mmoja. Maji ya ndizi yakaanza kupanda vidoleni. Harufu ikatoka. Hapo nikaona Padri analia, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu, na mimi mjinga nikadhani ni kifundo kimehama tena, nikawa tayari kukimbia kumwita mzee wa mifupa. Baba alimwona pia. Hakuondoa mkono wake begani mwa mwenzake. Walikanyaga hivyo hadi mwisho.

Kesho yake asubuhi, pombe ikiwa bado imefunikwa inachacha, akaja mjumbe kutoka misheni na barua. Mama yake Padri alikuwa mgonjwa sana, anamtaja. Nilikuwa nimesimama mlangoni nilipomsikia akimwambia Baba. Kuku! Hakuna aliyejua ila mimi. Padri alisema ataenda kwa wakubwa wake Bukoba kuomba ruhusa ya kusafiri, na kabla ya kusafiri atapita hapa Jumamosi kutuaga. Akapanda pikipiki yake iliyokwisha tengenezwa, akamgeukia Baba.

"Yangu niwekee," akasema.

"Kibuyu chako kitakungoja," Baba akajibu. "Aliyewekewa kibuyu hawezi kwenda mbali."

Kwa wasiojua, hii ndiyo ilikuwa desturi: aliyekanyaga pamoja na mwenye pombe huwekewa kibuyu chake, kinafungwa mdomo kwa jani la mgomba, kinatundikwa, na hakiguswi mpaka mwenyewe aje akinywe. Kukinywa wakati hayupo ni sawa na kumwambia asirudi tena. Hata walevi waliojulikana walikipita kibuyu cha mwenzao wakitazama pembeni.

Sasa niingieni kichwani nilivyokuwa siku ile. Mama wa watu yuko dirishani, anaumwa, kwa sababu yangu, anatazama daraja. Mwanawe anataka kwenda. Na kwenye boriti ya nyumba yetu kimetundikwa kitu kinachomzuia asiende mbali, Baba mwenyewe amesema. Nilimpenda Padri yule. Nilitaka abaki kwetu mpaka nizeeke. Lakini nilihesabu nikaona kwamba mimi nina mama na yeye wa kwake nimemwachia kuku. Ijumaa mchana, wote wakiwa shambani, nikapanda juu ya kinu, nikakishusha kibuyu, nikakinywa. Kumwaga sikuthubutu, maana kumwaga chakula ni dhambi, na katekista alikuwa ametufundisha hivyo juzi tu. Nilikunywa nikilia, mafunda makubwa, nikapumzika, nikanywa tena, na kila funda nikisema, nenda Padri, nenda. Mama alinikuta nimelala kwenye majani ya kahawa, naongea na magunzi. Alidhani ni homa. Akaninywesha dawa chungu siku mbili.

Jioni ile Baba alikishusha kibuyu kukifuta vumbi, akakiona chepesi. Akakigeuzageuza mkononi. Akanitazama nilikolala, kisha akamwambia Mama, "Kimevuja." Basi.

Jumamosi Padri hakuja. Jumapili hakuja. Watu wazima walihuzunika, nami chini ya blanketi nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ngumu ikakubali. Nilimwona anavuka daraja la gome, anahesabu nyumba, anagonga kwa mkono wa chuma. Nilimwona mama yake anageuka. Miezi yote ile ya mvua nilitembea na siri yangu nikijiona mkubwa.

Kisha akaja padri mwingine, na baada ya misa akakaa kwenye kigoda kile kile akatueleza. Padri Kijana hakusafiri. Alipofika Bukoba alikuta barua ya pili inamngoja, mama yake alikuwa ameshazikwa tangu zamani, kabla hata ya barua ya kwanza kutufikia. Ruhusa hakuiomba tena. Akapelekwa kutoka Bukoba moja kwa moja hadi misheni ya mbali, huko Ziwa Tanganyika, na alikuwa amekwisha fariki kwa homa. Baba aliinama akaokota punje ya kahawa mkekani, akawa anaiviringisha vidoleni muda mrefu. Mimi nilikwenda migombani. Nilikuwa nimemfungulia mbuzi kamba wala hakuna zizi lililomngoja. Kwetu nilimtoa, na kwao sikumfikisha.

Msimu uliofuata, baada ya kukanyaga, Mama akawa anapanga vibuyu. Akauliza vya nani na vya nani. Baba akavitaja, na mwisho akasema, "Na cha Padri." Mama akamkumbusha kwa upole kwamba Padri ni marehemu.

"Weka," Baba akasema. "Sisi hatukumzika."

Kikawekwa. Siku ya tatu akakishusha mwenyewe, akaenda kukimwaga polepole kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Na kila alipokanyaga tangu siku hiyo, miaka na miaka, nikaolewa, nikazaa, nikarudi kuwasalimia, nilisikia lile neno moja tu, weka. Mara nyingi nilifungua mdomo kumwambia. Nikaishia kumuuliza habari za migomba. Jambo moja nililing'amua nikiwa mtu mzima, nikiwa namenya ndizi zangu mwenyewe, kisu kikanidondoka. Kibuyu cha Padri kilikuwa ni kile kile. Baba alikitumia kile kile mpaka mwisho. Na mtu aliyelima vibuyu maisha yake yote hatii pombe kwenye kibuyu kinachovuja. Alijua, na alinistahi. Wakati huo naye alikuwa ameshalazwa migombani, na shukrani yangu nimebaki nayo.

Ndiyo maana Kokugonza aliponiambia kwamba mji anaosomea unaitwa Logronyo, nilimwomba alirudie jina, kisha nikamwambia anitafutie hati ya kusafiria.

Basi tulipotoka pale uwanjani kwa wakanyaga zabibu, mjukuu wangu akatoa simu yake aangalie ramani. Nikamwambia airudishe mfukoni. Minara miwili ilikuwa pale, na juu yake viota, vikubwa, vichafu, sawasawa. Nikashuka na mtaa kuelekea mtoni. Nikavuka daraja, kisha nikageuka na kulivuka upya kuingia mjini, kama angelivuka yeye. Mkono wa kushoto. Moja, mbili, tatu, nne. Kokugonza alikuwa ananifuata ameduwaa, ananiuliza Bibi umewahi kuja lini huku. Mlango ulikuwa umebadilishwa, umekuwa wa kioo, na chini yake pamekuwa baa ndogo. Mkono wa chuma haukuwapo. Lakini dirisha la juu lilikuwapo, limefungwa, limeelekea darajani.

Tuliingia. Kijana wa kaunta hakuwajua watu walioishi hapo zamani, alikuwa amepanga tu. Nikaagiza glasi mbili za mvinyo mwekundu, moja yangu, na ya pili nikamwambia Kokugonza amwombe yule kijana aifunike na aiweke hadi kesho, isiguswe.

"Bibi, watasema tumechanganyikiwa," akasema.

Nikamwambia akae. Nikamweleza yote haya, tangu kuku hadi kinu, na yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kuyasikia. Alilia, kisha akacheka kidogo aliponiwazia nimelewa na umri ule, kisha akaenda kaunta akaongea na kijana kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kijana akanitazama. Akachukua sahani ya kikombe, akaifunika ile glasi, akaipandisha kwenye rafu ya juu kabisa.

Asubuhi tulirudi na mabegi yangu, safari yangu ya kurudi nyumbani ikiwa mchana ule. Glasi ilikuwa pale pale. Kijana akaishusha kwa mikono miwili, akaniuliza kitu, na Kokugonza akanitafsiria: anauliza kama mwenyewe hakuja. Nikasema hakuja. Hapakuwa na mgomba mji mzima, kwa hiyo nilivuka barabara, nikaenda kwenye mti uliosimama karibu na daraja, nikamwaga taratibu kwenye shina lake. Nilisema niliyotakiwa kusema, kwa Kinyambo, lugha yetu ya Karagwe, nikiwaambia Padri na Baba. Nilisema ni mimi, hakikuvuja.

Niliporudisha glasi, kijana aliipangusa kwa kitambaa, akaishika bila kuirudisha kwenye zile zingine. Akauliza tena. Kokugonza akanishika mkono, akanitafsiria. "Bibi, anauliza kama amwekee nyingine, labda atakuja kesho."

Nikamtazama kijana wa watu. Nikamwambia, "Weka."